Viza ya Mtu Asiye na Mtu

Jumatatu, 3 Februari 1997

Mtegemezi: mtu ambaye riziki yake, yote au sehemu yake kubwa, hutoka mkononi mwa mtu mwingine, hata mkono huo ukikunjwa naye huanguka. Nimeanza na neno hili kwa sababu limenisumbua tangu asubuhi. Miaka ishirini na miwili ya ukalimani kortini ilinifunza kwamba watu wengi hugombana wakitumia neno moja kwa maana mbili, na hakuna anayewasimamisha kuwauliza.

Barua ya binti yangu Ndete imefika. Bahasha nene. Ndani mna fomu mbili na ukurasa mmoja wa maelezo kwa mkono wake — mwandiko wa muuguzi, wa haraka, kana kwamba mimi ni mgonjwa wa kumi na saba katika zamu yake.

Anataka nihamie kwake Leicester. Si kutembea kama mwaka jana. Kuhamia. Nina miaka sitini na saba, ni mjane, na yeye ndiye mtoto wa pekee niliyemzaa. Na mimi — niandike wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma — nataka kwenda. Nataka kuzeekea alipo.

Fomu ya kwanza ni ya mgeni. Miezi sita, kisha urudi. Ili upewe, sharti uthibitishe kwamba nyumbani umeacha watu na mambo ya kukurudisha. Fomu ya pili ni ya kukaa moja kwa moja. Hiyo inataka uwe mjane uliyetimiza miaka sitini na mitano, uwe unamtegemea mtoto aliye huko, na usiwe na jamaa wa karibu nchini mwako unayeweza kumgeukia kwa msaada wa fedha.

Nimezisoma mara tatu. Karatasi moja inataka niwe na watu. Ya pili inataka nisiwe na mtu. Na mwombaji ni yule yule, katika nyumba ile ile ya Komarock, cherehani ya Koki ikinguruma barazani!

Pembeni mwa fomu ya pili Ndete ameandika kwa kalamu nyekundu: hapa sema huna mtu. Amepiga mistari miwili chini yake. Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe kuonyesha jambo lisilo na mjadala.

Jumanne, 4 Februari

Niupange ukweli kwa utaratibu wake.

Kimanzi, mume wangu, alifariki mwaka 1982. Hakuacha mtoto wa kiume. Kwetu Ukambani jambo hili lina dawa yake, kongwe kuliko viza zote: mwanamke asiye na mwana huweza kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto wa huyo wabebe jina la boma. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mwaka 1984 nilipeleka kwa baba yake Koki, kule Mwala, mbuzi wa ntheo — wale ambao bila wao Mkamba hana ndoa — wakapokewa, wakachinjwa, wakaliwa mbele ya mashahidi. Koki alikuwa na miaka kumi na tisa. Kyalo alizaliwa 1986, na katika cheti chake jina la baba ni Kimanzi. Shamba la Kangundo, siku nitakapofumba macho, ni la Kyalo.

Basi: nina mke. Nina mwana. Hakuna fumbo hapo.

Sasa kosa. Mwaka jana nilipoomba viza ya mgeni, nilichapiwa fomu na Shiundu wa Huruma, anayewaandalia watu makaratasi ya safari. Mahali pa Koki akachapa "mke wa mwanangu". Mahali pa Kyalo, "mjukuu". Sina mwana mkubwa wa kuwa na mke! Niliona. Nikatia sahihi. Nikajiambia ni tafsiri ya karibu, na ndege haingoji. Mimi, niliyewahi kumkatiza wakili mbele ya hakimu ili nitenganishe "alinisukuma" na "alinigusa"!

Nusu ya hasira ya leo ni yangu juu yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Huruma. Chumba cha Shiundu kiko juu ya kinyozi. Taipureta moja, viti viwili, kalenda ya shirika la ndege ya mwaka 1993.

— Mathe! Kumbe ulirudi? Wengine wangepotelea huko.

— Niliahidi kurudi.

— Ndiyo maana nakuogopa.

Nikamweleza habari ya fomu mbili. Alisikiliza akimenya njugu, maganda akiyapanga juu ya meza kama mtu anayehesabu kura.

— Iko hivi, mathe. Ingia na ile ya mgeni, ukishaingia tulia. Hakuna mtu atakuuliza. Wasee kibao wanaishi hivyo.

— Huo si mlango. Hilo ni dirisha.

— Sawa, basi ya pili. Lakini faili yako ya mwaka jana inasema uko na familia. So tunatoa hiyo familia.

— Familia hutolewaje?

— Kwa hati ya kiapo. Huyo Koki anaapa mbele ya wakili kwamba yeye ni wa kazi ya nyumba tu. Uliandika yeye kazi, akazaa hapo kwako, wewe mtoto hakuhusu. Ile fomu ya mwaka jana? Makosa ya mchapaji. — Akajipiga kifua, akacheka. — Mchapaji ni mimi! Hiyo msalaba nitabeba.

Nilimuuliza kama anajua iweto ni nini. Akasema hata kwao Kakamega wanajua Wakamba huwaolea mama zao mabibi. Nikamwambia hapana, mama huoa mwenyewe. Akasema ni hapo hasa nitakapopotea: afisa ana dakika kumi, na nyuma yangu kuna foleni.

— Ukieleza sana, mathe, unanyimwa. Mtu akieleza sana wanajua anadanganya.

Sentensi hiyo nimerudi nayo hadi nyumbani. Mtu akieleza sana anadanganya! Maisha yangu yote nimekula kwa kueleza.

Hata hivyo nilimwacha achape rasimu. Alinikabidhi ikiwa bado ina joto la mikono yake. Kiingereza chake ni kibovu, lakini maana yake, kwa bahati mbaya, haina doa.

Jumapili, 9 Februari

Ndete alipiga simu saa tisa, kwa jirani yangu Jecinta, ambaye ndiye mwenye simu safu hii. Jecinta aliongeza sauti ya redio kwa heshima. Baada ya muda akaipunguza, si kwa heshima.

Ndete aliuliza kama hati imeapwa. Nikamwambia nimeandika kitu bora zaidi: maelezo ya kurasa mbili, yenye vifungu, yanayosema iweto ni nani, na kwa nini neno "mke wa mwanangu" lilikuwa kosa.

— Mama, hawatasoma. Wataona mwanamke ana mke, chai itawatoka puani.

— Waipenge, kisha wasome.

Nilisikia mtoto akilia upande wake, na yeye akimwambia kitu kwa Kiingereza. Kisha akarudi, na sauti haikuwa ya muuguzi tena.

— Watu husema ulioa kwa ajili ya baba. Si kweli. Ulioa kwa sababu mimi sikukutosha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, wa kwanza darasani, na wewe ukaenda Mwala kununua mwana.

— Mwana hanunuliwi.

— Mbuzi walikuwa wangapi, Mama?

Mbele ya Jecinta na redio yake, nilitafuta jibu lililo sahihi, na kila lililokuja lilikuwa sahihi tu.

— Sikuombi kingine, akasema. Iandikwe kwamba mtu wako ni mimi. Mara moja tu, iandikwe mahali.

Laini ikakatika. Au aliikata. Jecinta akaniambia, "Mama Ndete, keti basi unywe chai." Nikamwambia sinywi chai ya kuhurumiwa. Hakuwa na kosa lolote. Nilifunga lango lake kwa nguvu hata bawaba moja ikalegea.

Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi nilidhani nimeshinda.

Nilirudi kwenye maneno yenyewe. Kanuni haisemi nisiwe na jamaa. Inasema nisiwe na jamaa wa kumgeukia kwa fedha. Tofauti ni kubwa! Koki ni mshonaji wa sare za shule. Ana mtoto wa kulea. Hawezi kunikimu. Basi naweza kukiri kwamba ni mke wangu, bila kuapa uongo, na bado nikapita. Ndete na Shiundu wamekimbilia kudanganya pasipo haja, kwa sababu hawasomi hadi mwisho wa sentensi!

Nilifurahi kwa muda wa saa nzima. Kisha nikafanya lile ambalo mtu mwangalifu hulifanya kabla ya kufurahi. Nikachunguza.

Oktoba Ndete hakutuma zile fedha za kila mwezi, alikuwa amejifungua. Novemba hakutuma. Desemba alituma kadi. Je, tulikula nini? Gesi ilitoka wapi? Vidonge vyangu vya presha? Nilikaa na maswali hayo huku nikisikiliza cherehani. Januari shule zilipofunguliwa ilikuwa hainyamazi. Mimi nilikuwa nikilalamika juu ya kelele.

Kwa maana niliyoiandika mimi mwenyewe wiki iliyopita, mtegemezi wa Koki ni mimi.

Hakuniambia! Miezi mitatu alinilisha na hakusema neno, akaniacha niendelee kuamini kwamba ni mimi niliyemweka. Nimemkasirikia kwa hilo siku nzima. Ni hasira ya kipumbavu, najua. Haikupungua kwa kujua.

Jumamosi, 15 Februari

Mativo, ndugu ya marehemu mume wangu, amekuja kutoka Kangundo. Hajafika hapa tangu mwaka 1991. Alileta kuku na kikapu cha viazi vitamu. Nikajua kuna jambo.

— Shemeji, nasikia unaenda kupumzika. Vizuri sana! Mtu ametumika, apumzike.

Ndete alimwandikia. Alitaka, inaonekana, mtu mzima wa ukoo wa kuniharakisha. Sidhani alijua anamwandikia nani. Alikuwa mtoto mjanja, lakini hakuwahi kuketi kwenye kesi ya mpaka wa shamba.

— Na hiyo habari ya kiapo, Mativo akaendelea, isikupe shida. Nitakuja mwenyewe hadi kwa wakili Makadara. Mimi ndiye ndugu ya marehemu. Nikisema huyu ulimwandika kazi tu, nani atabisha?

Huyu! Koki alikuwa amesimama mbele yake na birika mkononi. Aliyasema kama asemaye mbele ya kabati.

— Sukari ngapi, mzee? akauliza Koki.

— Mbili.

Akatia tano. Akakoroga polepole, akimtazama usoni.

Hapo ndipo nilipoiona hati ile kwa urefu wake wote. Mimi na Ndete tumekuwa tukibishana kama vile karatasi itaonyeshwa dirishani kwa dakika kumi kisha ife. Kiapo hakifi. Nimeviona viapo vya miaka thelathini vikifufuliwa mbele ya hakimu, vikiwa na madoa ya chai, vikimfukuza mjane shambani. Siku nitakapozikwa — huku au huko — Mativo atatoa nakala mfukoni: mke mwenyewe aliapa kwamba si mke. Mtoto si wa Kimanzi. Shamba lirudi kwa ndugu. Na sahihi itakuwa ya Koki mwenyewe!

Huyu Mativo mwaka 1984 alikuwa Mwala. Alikula paja la mbuzi wa ntheo, na mfupa nilimwona akiufyonza.

— Mchukue kuku wako, nikamwambia.

— Shemeji, jamani!

— Mchukue akiwa hai. Ukikawia nitamchinja, na mezani hutaalikwa.

Aliondoka na kuku. Viazi alivisahau. Tumevichemsha.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa Koki hakuketi kwenye cherehani. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema kwa Kikamba: Mama, hiyo karatasi ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi, niambie inasemaje.

Nilimwambia. Sikupamba. Hakulia, sikutegemea alie.

— Mke huachwa, akasema. Mfanyakazi hufutwa. Wewe unataka kunifanya nini?

— Sitaki kukuacha.

— Basi kama hutaki, usiniache kwa karatasi. Na kama unataka, nenda Mwala ukadai mbuzi wako kwa baba, mbele ya watu, nijue nimeachwa. Kuna njia. Wewe si ndiwe mtu wa njia?

Nilimwambia naweza kuomba tena ile ya mgeni. Miezi sita huko, nirudi, niombe tena. Nikamweleza shida yake pia: nauli ya Ndete, umri wangu, na kwamba kila mara nitakuwa ninaingia nyumbani kwa mwanangu nikiwa na tarehe ya kutoka. Na kwamba Ndete anataka iandikwe mahali kuwa mtu wangu ni yeye.

— Hata mimi, akasema Koki. Mimi niliandikwa wapi?

Nikalazimika kumwambia habari ya mwaka jana. Mke wa mwanangu.

Akacheka, kicheko kibaya, kifupi.

— Mwana yupi? Miaka kumi na mitatu nimo humu. Ungeniambia yupo, ningemwekea chakula.

Akaenda kushona. Jumapili! Hajawahi kushona Jumapili.

Jumanne, 18 Februari

Koki amesema twende kesho kwa wakili. Nilimwambia bado sijaamua. Akasema ameamua yeye. Hataki isemwe, na Ndete au na mtu yeyote, kwamba ni yeye aliyeziba njia yangu. Na hataki kuamka kila asubuhi akinisikia nikipima. Ndivyo alivyosema: nikipima. Kama vile mimi ni mizani ya dukani.

Nimechana maelezo yangu ya kurasa mbili. Kisha nimeyaunganisha kwa gundi.

Jumatano, 19 Februari

Makadara. Ninaandika kwenye benchi la nje ya ofisi ya wakili, daftari juu ya paja. Nina dakika chache.

Koki amevaa suti yake ya kanisani. Wamalwa nilimjua akiwa wakili mchanga anayetoka jasho. Sasa ana tumbo na miwani miwili. Alifurahi kuniona.

— Madam Mkalimani! Ulituacha na watoto wanaotafsiri kwa kubahatisha.

Aliisoma rasimu ya Shiundu, akanitazama juu ya miwani, hakuuliza. Akasema tu kwamba hati ni ya Kiingereza na mwapaji haelewi Kiingereza, kwa hiyo ni lazima atafsiriwe, na mtafsiri atie sahihi kwamba amefanya hivyo kwa ukamilifu. Mkalimani wake yumo kortini hadi saa nane. "Lakini wewe uko hapa. Nani zaidi?"

Nilimwambia nina maslahi katika shauri hili. Akasema, "Mama, hii ni karatasi ya viza, si kesi ya mauaji." Ningeweza kukataa. Nilitazama saa, nikakubali.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji. Kwa hiyo nilimgeukia Koki, nikamwambia usoni kwa Kikamba: Mimi, Koki, ninaapa kwamba niliajiriwa na mama huyu kazi za nyumbani. Mimi, Koki, ninaapa kwamba sijawahi kuolewa katika boma la Kimanzi. Mimi, Koki, ninaapa kwamba mwanangu hana undugu wowote na marehemu. Sauti haikutetemeka. Ilikuwa sauti nzuri, iliyopangwa, ile ile niliyosifiwa kwayo miaka ishirini na miwili. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi kuliko Shiundu, Mativo na Ndete wakiwekwa pamoja!

Wamalwa akasogeza Biblia. Koki akaweka mkono. Kisha, kabla ya kusema lolote, akanigeukia mimi, si Wamalwa.

— Mwambie nitaapa. Halafu wewe unijibu. Siku ukirudi, kwa sababu ya baridi, au kwa sababu ya Ndete, au ukiwa ndani ya sanduku — utabisha mlangoni kwangu ukiwa nani?

— Anasemaje? akauliza Wamalwa, kalamu mkononi.

Mkalimani haongezi. Hapunguzi. Kila lisemwalo chumbani hulitoa upande wa pili kama lilivyo, na yeye mwenyewe hasemeshwi. Kwa miaka yote hiyo hakuna shahidi aliyewahi kuniuliza mimi. Niliomba maji, nikatoka.

Sikunywa maji. Kupitia mlango ulio wazi kidogo naona kiwiko cha Koki. Mkono bado uko juu ya Biblia. Hajauondoa, wala hajasema. Wamalwa anatazama saa ya ukutani. Kama nikimtafsiria maneno yote ya Koki, ataikunja hati, kwa kuwa si mtu mbaya, na Ndete hataandikwa. Kama nikimjibu Koki kwanza, kwa Kikamba, Wamalwa hataelewa neno, na hati itatiwa muhuri kabla ya chakula cha mchana — au haitatiwa, kutegemea jibu langu, ambalo silijui.

Ameniita tena. "Mama, huyu dada alisema nini?"

Nitafsiri, au nijibu?